Sanduku Ambalo Dereva Haruhusiwi Kulishika

Juzi nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Ilomba, nikaona gari la zahanati limesimama ng'ambo ya barabara. Dereva kashuka, kaenda dukani kunywa soda. Mlango kauacha wazi. Kwenye kiti cha mbele kuna boksi la dawa, juu ya boksi kuna mkungu wa ndizi, na juu ya mkungu kuna kuku kafungwa miguu. Nikamwita. Akaja anacheka, kijana mzuri tu, nywele kazichana.

"Mwanangu, boksi lile lina nini?"

"Dawa tu, mzee."

"Dawa gani?"

"Aa, mzee, mimi dereva. Dawa anajua daktari."

Hapo nikachoka. Kwanza mimi si mzee. Nywele zangu bado nyeusi, ni mguu huu wa kulia ulionistaafisha mapema nikaonekana babu. Pili, jibu lile ndilo lililompeleka jela fundi aliyenifundisha kazi. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Shule niliishia darasa la tatu kwa mapadre, mtanivumilia herufi. Nawaandikia nyinyi madereva wa dawa, na nyinyi wauguzi mnaowapakilia. Majina ya waliotukosea nitayataja, maana sina cha kupoteza tena, na wao hawakuwahi kuona haya.

Mimi nilikuwa dereva wa Daktari Mistri. Mwanamke wa Kihindi, mjane, mfupi, kati yake na gunia la mahindi ungechagua kumbeba yeye. Miaka ile ya hamsini alikuwa na zahanati mbili, moja Iringa mjini na moja Mbeya. Wiki hii huku, wiki ijayo kule, na barabara ya katikati yote ni udongo. Alizaliwa Unguja, Kiswahili chake kilitushinda sisi wa bara. Mimi Mhehe wa Kalenga, Kiswahili nilikijua kwa ajili ya kazi. Yeye alikuwa anatukana nacho na anabembeleza nacho wagonjwa.

"Kalisti, hili gari laenda au latambaa?"

"Mama daktari, barabara mbaya."

"Barabara naiona. Nakuuliza gari."

Mbele ya watu alikuwa ananiita Bwana Kalisti. Wakubwa wangapi wa miaka ile walimwita dereva bwana? Wengi wetu tulikuwa "boi" mpaka tukapata wajukuu.

Sasa sikilizeni habari ya sanduku.

Kuna dawa za kawaida na kuna dawa za kufuli. Za kufuli ni zile za kuua maumivu makali, mofini na ndugu zake. Zinakaa kwenye vichupa vidogo vya kioo, unavunja shingo, unavuta kwa sindano. Ni dawa njema kabisa, ila mtu akiizoea haachi, na wapo wanaoinunua kwa bei yoyote. Kwa hiyo serikali ya Waingereza iliweka sheria. Daktari mwenye zahanati mbili anaweza kuhamisha dawa hizo toka hii kwenda ile, lakini kwa mkono wake mwenyewe, mwenye kibali. Si mkewe, si karani wake, si dereva wake. Njiani zikae ndani ya sanduku lenye kufuli na ufunguo awe nao mwilini. Mtu mwingine akikutwa nazo, basi anahesabiwa ni zake. Habari ya kwamba nilitumwa, haimo.

Mimi mwanzoni niliiona sheria ya dharau. Gari naliendesha mimi, korongo nalijua mimi, uhai wa daktari naushika mimi, halafu sanduku dogo hilo nisilishike? Nilinuna wiki nzima. Mpaka yalipompata Lusekelo.

Lusekelo alikuwa Mnyakyusa mtaratibu, mkono mwepesi kwenye gia kama anapapasa mtoto. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alinifundisha kwamba barabara ikiwa na makunyanzi unachagua mwendo mmoja, polepole kabisa au haraka kabisa, ukienda katikati unavunja gari na abiria. Alinifundisha kusikiliza injini kwa soli ya mguu. Yeye alikuwa dereva wa Daktari Bolton, Mwingereza, mwenye zahanati Mbeya na nyingine Tukuyu. Jumamosi moja Bolton alikuwa anacheza tenisi. Akamrushia Lusekelo ufunguo wa gari. Sanduku lilikuwa tayari nyuma. "Tangulia Tukuyu, mimi nitakuja na rafiki yangu." Lusekelo akatangulia. Njiani kuna polisi wanatafuta pembe za ndovu, wakapekua, wakakuta sanduku.

"Hii nini?"

"Dawa tu. Anajua daktari."

Walipomwuliza Bolton, Bolton alisema sanduku liliondoka bila yeye kujua. Maneno hayo tu. Hakusema Lusekelo mwizi, alisema liliondoka, kama sanduku lina miguu. Bolton alikwenda kula chakula cha jioni na hakimu yuleyule, na Lusekelo alikwenda kuvunja mawe. Alipotoka hakushika usukani tena. Alikuwa anauza mkaa, na gari likipita anageuza uso.

Siku Lusekelo alipofungwa, Daktari Mistri aliniita zahanati. Alikuwa anafuta miwani.

"Umesikia?"

"Nimesikia mama."

"Umeelewa kwa nini sikupi sanduku?"

"Ni sheria, mama."

"Wewe wadhani nakuona mwizi. Kumbe nawaona wao." Akavaa miwani yake. "Siku yoyote nikikuambia shika, Kalisti, ukatae. Hata nikikufokea. Haya, twende, wagonjwa wangojea."

Kuanzia siku hiyo sikununa tena. Nikawa mimi ndiye askari wa sheria ile kuliko yeye.

Na alivyoishika! Ninyi mnasema leo kazi ngumu. Sanduku kubwa la chuma lilifungwa kwa bolti kwenye sakafu ya Landrova, na ndani yake kuna sanduku dogo, ukubwa wa mkate. Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni, chini ya nguo. Akishuka garini, sanduku dogo linashuka naye. Tukisimama Makambako kunywa chai, anakaa nalo mapajani, mkono mmoja kikombe, mkono mmoja sanduku. Akienda kujisaidia porini, anakwenda nalo. Mimi nasimama nimetazama upande wa pili, namsikia anaongea peke yake huko vichakani, "Waingereza hawa, sheria wametunga wakiwa na vyoo."

Watu walidhani ni dhahabu. Mama mmoja muuza maandazi pale Makambako aliniuliza, "Huyu bibi yako mali yake yote imo humo?" Nikamwambia imo. Akasema, "Ndiyo maana hanenepi."

Vile vichupa vya kioo alivifunga pamba kwa mkono wake, kila kimoja peke yake, akavipanga kwenye kopo la tumbaku, na kopo akalizungushia pumba za mpunga wa Usangu. Pumba za mpunga, msidharau. Maranda ya mbao yanashuka chini gari likitetemeka, pumba zinakaa. Hilo tulilijua baada ya kuvunja. Na kichupa kikivunjika hutupi kioo. Unakusanya kila kipande, unaweka kwenye bahasha, mkaguzi aje aone kwamba kilivunjika, hakikuuzwa. Nimewahi kupiga magoti kwenye vumbi la Igawa nachambua vioo na mawe, yeye kasimama juu yangu na mwavuli, ananikinga jua mimi, si yeye.

Kibali ndicho kilichokuwa roho ya kazi yake. Kosa moja la dawa za kufuli, kibali kinakwenda, na kibali kikienda kuna wazee wa saratani kule Iringa watakaokufa wanapiga kelele. Na kosa likiniangukia mimi, hakuna kibali cha kuchukua, wanachukua mtu. Tuliyajua hayo wote wawili, hatukuwa na haja ya kuyasema kila safari.

Sasa ile siku.

Tulitoka Iringa asubuhi na baridi, tukapita Mafinga kwenye ukungu, tukafika uwanda wa Usangu jua kali, udongo mkavu. Nikafurahi. Kabla hujafika Chimala kuna mto unaotoka milimani. Hapakuwa na daraja la maana wakati ule, ulivuka juu ya mawe. Nilipofika ukingoni nikasimamisha gari. Wasafiri wengi walikufa kwenye mito ya namna hiyo kwa sababu walitazama mbingu. Msitazame mbingu. Mvua inanyesha mlimani huko huioni. Tazameni maji. Yakianza kuleta povu na majani mabichi, zima gari, shuka, kaa chini. Majani makavu ni takataka za jana. Majani mabichi ni mafuriko yanayokuja.

Niliyaona majani mabichi. Na ng'ambo nikaona lori limeanguka.

Lori lilikuwa la Stavro, Mgiriki wa mashamba ya tumbaku. Nalitaja jina na ningeweza ningeliandika kwa rangi ukutani. Alikuwa amepakia marobota ya tumbaku mpaka juu, na juu ya marobota kapakia vibarua, wanaume na wanawake. Yeye mwenyewe alitangulia na gari lake dogo, akavuka salama, akampungia dereva wa lori avuke upesi kabla maji hayajajaa. Lori likavuka. Lilipopanda ukingo wa pili likashindwa, likarudi kinyumenyume, likalala ubavu. Maji yakajaa nyuma yake. Sisi tulifika watu wameshatupwa chini na wengine wako chini ya lori, na kelele zile sitaki kuziandika.

Upande wetu walikuwepo Wasangu wachunga ng'ombe, wanaume, wamesimama na fimbo zao. Mto katikati unavuma.

Nikamgeukia daktari. "Mama, nipe sanduku na mfuko wa sindano. Naogelea. Nimekulia Ruaha."

"Hapana."

"Mama, watu wanakufa!"

"Nawasikia."

"Basi nipe! Nitaweka kichwani, halitalowa!"

Alikuwa ameshika sanduku kwa mikono miwili. Uso wake mweupe. Akanionyesha kwa kidevu. "Yule nani kasimama pale?"

Nikatazama. Stavro, kashika kiuno.

"Ukitokea upande ule na sanduku hili mkononi, yule ataona nini? Ataona Mwafrika mwenye mofini. Mimi watanitoza faini, Kalisti. Wewe watakufunga. Umesahau nilikuambia ukatae?"

"Sasa tufanyeje, tuwaangalie?"

Akavua miwani, akaitia kifuani. Akakunja sari mpaka magotini, akaifunga kiunoni kama mkulima wa mpunga. Miguuni alikuwa na mabuti ya mpira. "Sheria yasema dawa isitoke mkononi mwangu. Haikusema mkono wangu usiingie mtoni. Inama."

"Unajua kuogelea, mama?"

"Sijui. Nimezaliwa kisiwani na sijui kuogelea, na ukimwambia mtu nakufukuza kazi. Inama!"

Nikainama. Akapanda mabegani kwangu. Mfuko wa sindano akauvaa shingoni, sanduku akalifunga mkononi kwa ncha ya sari, fundo juu ya fundo, halafu akaliweka juu ya kichwa changu na kulikumbatia. Wasangu wale, pamoja na hatari yote, walicheka. Mmoja, Mwalingo jina lake, mrefu, akapiga kelele, "Haya bwana harusi, bibi harusi wako amekubali!" Lakini hakuishia kucheka. Alifungua kamba za ng'ombe, wakaziunga, yeye akaingia mbele yangu na mwenzake nyuma yangu, na wengine wakashika ncha ukingoni.

Maji ya mlimani ni baridi ya kuuma meno. Yalinifika kifuani, yakanifika shingoni. Mawe ya chini yalikuwa yanatembea, nayasikia yanagongana. Juu yangu daktari alikuwa anasoma sala zao, sijui lugha gani, haraka haraka. Katikati akapiga kelele.

"Buti langu!"

"Mama, acha buti!"

"Limeondoka!"

"Liache liende!"

"Siliachi, limeshakwenda! Wewe tembea!"

Tukatoka. Aliposhuka mabegani, mguu mmoja buti na mmoja peku, hakukaa hata kupumua. Aliupanda ukingo kwa mikono na magoti, na sanduku linaning'inia kwenye mkono wake. Akatoa ufunguo shingoni. Nimefanya kazi na madaktari wengine baadaye, wa kwetu na wa kigeni. Sijaona mikono ya namna ile. Anakwenda kwa mmoja, anamshika shingo, anamfunua jicho, anaamua. Huyu sindano. Huyu subiri. Huyu mfunike. Mama mmoja mfupa wa paja ulikuwa umetoka nje, anapiga kelele mpaka sauti imekatika. Alipochomwa, baada ya muda akanyamaza, akauliza mtoto wake yuko wapi. Mtoto alikuwepo, mzima, kakaa juu ya robota. Kwa ajili ya swali lile moja ningevuka tena.

Stavro alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapiga kelele tumbaku inalowa. "Toa marobota kwanza! Marobota!" Vibarua wake wako chini ya chuma na yeye anahesabu majani. Daktari alimwambia kwa Kiingereza neno moja fupi, sikulijua maana, lakini yule mtu alirudi nyuma kidogo.

Tukakata miti, tukalinyanyua lori kwa magogo, mimi na Mwalingo na vibarua waliokuwa wazima. Tulimtoa mmoja, tukamtoa wa pili. Wa tatu tulipomvuta, ukingo ule uliolowa ukamomonyoka, lori likasogea, likakaa juu ya mguu wangu. Huu hapa.

Waliponivuta sikumbuki vizuri. Nakumbuka mbingu ya bluu, na uso wa daktari bila miwani, nywele zimemwanguka.

"Kalisti. Nitazame. Kimebaki kimoja."

"Wape wengine, mama."

"Usinifundishe kazi."

Nikasikia shingo ya kichupa inavunjika, kile kisauti kidogo cha kioo. Halafu sindano. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba dawa hiyo nyuma ya mgongo wangu, Iringa na Mbeya, kiangazi na masika, sijui kazi yake. Siku ile niliijua. Maumivu hayaondoki, msidanganywe. Yanakwenda kukaa mbali kidogo, kama jirani mgomvi aliyehamia kijiji cha pili. Unamsikia lakini hayuko tena nyumbani kwako. Nililia. Nilikuwa nawafikiria wale wazee wa saratani.

Walikufa watu pale. Wengine walipona, na waliopona walisema kwa serikali kwamba walipandishwa juu ya mzigo. Hapo ndipo Stavro alipoona moto unamfikia, akaamua kuwasha mwingine. Daktari Mistri ndiye angekuwa shahidi mkubwa juu ya lori lile. Stavro akaenda kusema huyo daktari mwenyewe mvunja sheria, kamwachia dereva wake mweusi sanduku la mofini, na vichupa vingine havionekani. Ni kweli vichupa vingine havikuonekana. Kopo lilimwagika kwenye matope, vikapotea na kokoto. Ungechambua vipi vioo kwenye ukingo unaomomonyoka?

Tukaitwa mbele ya hakimu hapa Mbeya. Mimi nilikuja na magongo, nimetoka hospitali siku hizo hizo. Mwalingo na mwenzake walitembea toka Usangu kuja kutoa ushahidi. Karani wa mahakama, Zakaria, mtu wetu kabisa, suti ya kijivu, aliwazuia mlangoni. "Hapa hatutaki harufu ya maziwa," akasema. Wakakaa nje juani mpaka kesi ikaisha. Zakaria yu hai, anajijua.

Stavro akasimama. Akasema alimwona dereva, kwa macho yake, anatoka majini na sanduku. Hakimu, Mzungu mwembamba, akaandika. Kisha akamgeukia daktari akasema naye kwa Kiingereza, kwa upole mkubwa. Mkalimani alinitafsiria bila kunitazama usoni.

"Hakimu anasema, katika vurugu kama ile, inawezekana mtumishi alichukua sanduku bila ruhusa. Anasema kama ilikuwa hivyo, daktari aseme, na jambo hilo litakuwa la mtumishi, si la daktari."

Mmeona mlango ulivyofunguliwa? Ni ule ule aliopita Bolton. Ulikuwa umepakwa mafuta kabisa. Apite tu, akanywe chai. Nikatazama magongo yangu, nikawaza mtu wa magongo wanamvunjisha mawe namna gani.

Daktari alisimama. Hata aliposimama alikuwa chini ya meza ya hakimu kwa mabega. Kiingereza chake kizuri, lakini hakukitumia. Alijibu kwa Kiswahili.

Hakimu akashangaa. "Doctor—"

"Mkalimani yupo, atakutafsiria. Nataka huyu asikie kwa masikio yake mwenyewe, maana anayezungumzwa ni yeye." Akageuka nusu upande wangu. "Sanduku halikutoka mkononi mwangu. Lilikuwa limefungwa hapa, na alama ya fundo ipo, njoo uitazame. Na kama lingetoka, lingetoka kwa amri yangu, na wa kufungwa ningekuwa mimi. Huyu hakushika dawa. Huyu alishika miguu yangu miwili. Buti langu moja lilikwenda na maji, na hilo nalo Bwana Stavro akitaka aseme kaliona kwa dereva."

Watu walicheka, hata askari. Mkalimani alishindwa kutafsiri buti. Hakimu akatazama mkono wake. Alama ilikuwepo, rangi ya zambarau, kitambaa chembamba kikilowa kinakata kama waya.

Mimi wakaniachia. Yeye hawakumwachia. Kwa vichupa vilivyopotea walimtoza faini, na wakamwondolea ruhusa ya kusafirisha dawa za kufuli. Azitunze Mbeya tu, zisivuke njia. Stavro alitozwa kidogo kuliko yeye, na msimu uliofuata alinunua lori jipya. Bolton alirudi kwao Uingereza na akafanyiwa sherehe ya kuagwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sitaipamba.

Lakini ngoja niwaambie alivyofanya. Hakufunga zahanati ya Iringa. Aliendelea kwenda, wiki hii huku wiki ijayo kule, bila sanduku, na dereva mwingine. Wagonjwa wa maumivu makali aliwapakia kwenye Landrova ileile akawaleta Mbeya, amewalaza kwenye godoro alipokuwa anakaa yeye, na yeye kakaa mbele na dereva magoti yamegusa dashibodi. Dawa haiwezi kuvuka njia, basi mgonjwa atavuka. Mimi alinipa kazi ya dirishani, kugawa namba na kuita majina, kazi ya kukaa. Nilimwuliza siku moja kama haichukii sheria ile.

"Kwa nini niichukie? Ni sheria nzuri."

"Imekunyang'anya kibali cha njia, mama."

"Imekuweka wewe nje ya jela. Kibali nitaomba tena. Ita namba inayofuata."

Aliomba tena, na tena. Walimrudishia siku za mwisho mwisho, karibu na Uhuru.

Kwa hiyo kijana wa kuku na ndizi, na wenzako wote, sikilizeni. Jua kilichomo kwenye boksi. Likiwa na kufuli, mwenye ufunguo awemo garini. Akisema tangulia, mwambie nangoja. Akikufokea, ngoja hivyohivyo. Na siku moja ukimpata mkubwa anayekataa kukupa sanduku kwa sababu anajua nani atafungwa, usinune kama nilivyonuna mimi. Mwendeshe taratibu. Kwenye makunyanzi chagua mwendo mmoja.

Limebaki la mama yangu mzazi. Habari zilimfikia Kalenga kwamba Kalisti anafungwa. Alipanda basi, hajawahi kupanda basi, akafika Mbeya kesi imeshaisha na mimi nimekaa dirishani na namba zangu. Alinitazama mguu, hakulia. Akasema anataka kumwona daktari. Nikamwambia ingia sasa hivi. Akakataa, akachukua namba, akakaa kwenye benchi na wagonjwa mpaka zamu yake. Nikaingia naye kutafsiri, maana Kiswahili hakujua.

"Kamwene," mama akasalimia.

"Kamwene, mama," daktari akajibu. Hilo alikuwa amejifunza Iringa. "Waumwa wapi?"

Nikatafsiri.

"Mwambie siumwi," mama akasema kwa Kihehe.

"Basi nimsaidie nini?"

"Mwambie nimekuja kumtazama."

Daktari akaweka chini kile kipimo cha kusikilizia moyo. Akakaa. Mama yangu alimtazama kuanzia nywele mpaka viatu, bila haraka, na daktari aliacha atazamwe, nje wagonjwa wanakohoa.

"Ni mdogo," mama akasema mwishowe.

"Amesema nini?"

"Anasema wewe ni mdogo, mama daktari."

"Mwambie kweli."

Mama akainuka, akajifunga nguo yake vizuri. Akatoka mpaka kwenye benchi, akamshika bega yule aliyefuata, akamsukuma ndani.